Mjadala: Sadaka ya Misericórdia kule Bahia, tuisifu tu?

Ndugu zangu, mwenzetu mmoja hapa amesema kwamba bila vyama vya hisani vya Kikristo, makoloni ya kale yasingekuwa na hospitali wala pa kulelea yatima, hivyo tuache kuvilaumu. Mimi sikubaliani naye, ingawa ana hoja.

Chukueni Salvador da Bahia, makao makuu ya Brazil ya Wareno hadi 1763. Pale kulikuwa na Santa Casa da Misericórdia, chama cha hisani cha Kikatoliki, iliyoundwa kwa mfano wa ile iliyoanzishwa Lisbon mwaka 1498. Iliendesha hospitali, ikasaidia wafungwa, ikatoa fedha za kuozea mabinti maskini. Mwaka 1726 ikaweka gurudumu la watoto: pipa la mbao lililopachikwa ukutani. Mama anamlaza kichanga upande wa barabarani, anazungusha, anapiga kengele, anatokomea gizani bila kuonwa uso. Hilo silidharau hata kidogo. Hata wanawake watumwa walipeleka watoto pale, na amri ya mfalme ya 1775 ikatamka kwamba watoto wa namna hiyo ni huru. Mama anamwacha mwanawe ukutani ili asije akawa mali ya mtu! Kila nikilifikiria hili moyo unaniuma.

Lakini fedha zilitoka wapi? Zilitoka kwenye wosia wa matajiri wa sukari, na kwenye mikopo waliyopewa wenye mashamba ya miwa kwa riba ya asilimia 6.25. Jasho la mtumwa lilikuwa ndani ya kila sarafu. Na walionyonyesha watoto wa gurudumu, baadhi walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao.

Kuna na suala la jeneza. Misericórdia ilishikilia peke yake haki ya kukodisha majeneza ya kubebea maiti, na bwana alilipia hata la mtumwa wake. Weusi wa udugu wa Mama wa Rozari, chama chao cha Kikatoliki cha kusaidiana, watumwa na walioachwa huru, walichanga senti zao, wakauguza wagonjwa wao, wakazika wafu wao, na mara nyingine wakasaidia kumkomboa mwenzao. Hisani hiyo ndiyo ninayoisifu mimi, maana ilitoka kwa wasio na kitu.

Sasa anayesema tusihoji anijibu hili: kwa nini watu hao walilazimika kuomba ruhusa ya Misericórdia ili wambebe ndugu yao kwa jeneza lao wenyewe?