Naomba ushauri: kukodi basi kutoka Moshi kwenda mashamba ya zabibu Dodoma

Habari zenu wapendwa. Sisi ni kikundi cha akina mama 26 hapa Moshi, tumechanga mwaka mzima twende Dodoma tukaone mashamba ya zabibu na mvinyo unavyotengenezwa. Kule huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo wenyeji wa Hombolo na Mpunguzi, tuje lini tuzikute bado mtini?

Kinachoninyima usingizi ni gari. Safari iliyopita tulilipa hela yote mapema, siku yenyewe tukaletewa Coaster nyingine, mbovu, tukalala Babati na wazee wetu. Siwezi kuwarudishia hilo tena. Mkataba niuandikeje? Hela ya utangulizi iwe kiasi gani, na mafuta na malazi ya dereva ni juu ya nani? Basi kubwa lingetufaa zaidi, au litashindwa njia za shambani?

Tukipita Kondoa natamani tusimame Kolo kuona michoro ya miambani, urithi wa dunia tangu 2006. Wenye miguu mibovu watafika?

Wengine wetu hawanywi pombe. Kuna wanaouza juisi ya zabibu hukohuko?