Tupeane uzoefu: je, gitaa la besi lenye betri linaweza kuunguza amplifaya?

Mwanzisha mada, Morogoro

Wakuu, salaam. Mimi ni mpiga besi wa kwaya, na kwa miaka mingi nimetumia gitaa la kawaida lisilo na betri, lile ambalo pikapu zake, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, hupeleka sauti moja kwa moja kwenye tundu la waya. Mwezi uliopita nilinunua besi ya mtumba ya nyuzi tano ambayo ndani yake kuna saketi ya kukuza sauti inayotumia betri ya volti 9. Jumapili ya kwanza nilipoileta kanisani, fundi wetu wa sauti, mzee ninayemheshimu sana, alinikataza kuichomeka. Alisema betri ile itasukuma umeme ndani ya amplifaya na kuiunguza, na kwamba ndiyo maana amplifaya yetu ina matundu mawili, moja la magitaa yasiyo na betri na jingine la yale yenye betri.

Amplifaya ile ilinunuliwa kwa harambee ya waumini, kwa hiyo sitaki kubishana kwa maneno matupu. Naomba kila atakayechangia aeleze alichokiona mwenyewe: alikuwa na gitaa la aina gani, ni kitu gani kiliharibika, na fundi alipofungua alikuta nini.

Fundi wa elektroniki, Mwanza

Ndugu yangu, kazi yangu ni kutengeneza amplifaya, na nitaanza na betri yenyewe. Umeme wa betri hautoki kwenye gitaa, kwa sababu mwishoni mwa saketi huwekwa kapasita ambayo huuzuia na kupitisha mawimbi ya sauti peke yake. Mawimbi hayo nayo, hata ukifungulia vitufe vyote hadi mwisho, hayawezi kuzidi volti 9 kutoka kilele cha juu hadi cha chini, kwa kuwa saketi haiwezi kutoa zaidi ya inacholishwa. Upande wa pili, tundu la kuingilia la amplifaya ya besi huwa na ukinzani mkubwa, mara nyingi karibu omu milioni moja (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), kwa hiyo mkondo unaopita hapo ni mdogo kiasi kwamba hauna nguvu ya kuchoma kitu.

Niliwahi kupima magitaa mawili kwa osiloskopu, kifaa kinachoonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini. Besi isiyo na betri, ikipigwa kwa nguvu kwa kidole gumba, ilitoa vilele vikubwa kuliko vya besi yenye betri iliyopigwa taratibu huku vitufe vyake vikiwa katikati. Mkono wa mpigaji una uzito kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu tundu la pili, mzee wako hakukosea kwamba lipo kwa sababu ya magitaa ya betri, ila kazi yake ni nyingine. Ndani yake kuna rezista zinazopunguza mawimbi, katika amplifaya nyingi kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 10 hadi 15, ili hatua ya kwanza ya kukuza sauti isizidiwe na kuanza kukwaruza. Ukilikosea tundu utasikia sauti chafu, na ukipunguza sauti kwenye gitaa itasafika.

Mpiga besi wa bendi ya hoteli, Mombasa

Mimi niliharibu spika, na nitasema ukweli wote. Nilikuwa na besi yenye betri na sanduku lenye spika moja ya inchi 12. Ukumbi ulikuwa wazi upande wa bahari, sauti nzito ilikuwa inapotea, nami nikafungulia kitufe cha besi kwenye gitaa hadi mwisho, kisha nikafungulia na kile cha amplifaya. Kabla ya saa moja kuisha nilisikia harufu ya kuungua, halafu spika ikabaki inakwaruza. Fundi alipoifungua alikuta koili, yaani waya uliozungushwa unaoisukuma karatasi ya spika, imeungua na karatasi ya spika imelegea pale inaposhikana na koili. Amplifaya yenyewe ilikuwa nzima, na ninaitumia hadi leo.

Alinieleza hesabu ambayo sijaisahau: kila desibeli 3 unazoongeza zinadai nguvu maradufu, kwa hiyo kitufe kinachoongeza desibeli 12 kinadai nguvu mara 16 katika sauti hizo nzito. Uzi wa E wa besi, ukipigwa wazi, hutetema karibu mara 41 kwa sekunde, na ule wa B wa gitaa la nyuzi tano karibu mara 31. Hapo karatasi ya spika ndogo husafiri mbele na nyuma kuliko inavyoweza kustahimili. Nyuzi zako ni tano, ndugu wa Morogoro, kwa hiyo hili likuhusu zaidi kuliko betri.

Mpiga besi, Arusha

Naomba kupinga kidogo. Amplifaya yangu ilizima kabisa wiki ileile niliyoanza kutumia besi ya betri, na transista za mwisho, zile zinazosukuma umeme kwenda kwenye spika, zilikutwa zimeungua. Siamini kwamba ilitokea kwa bahati mbaya tu.

Fundi wa elektroniki, Mwanza

Kaka, pole sana. Naomba kuuliza: siku hiyo ulikuwa umeunganisha masanduku mangapi ya spika, na kila moja lina omu ngapi?

Mpiga besi, Arusha

Mawili, kila moja omu 4. La pili niliazima kwa ajili ya sherehe ya harusi.

Fundi wa elektroniki, Mwanza

Basi ulikuwa kwenye omu 2, kwa kuwa masanduku mawili yanayofanana yakiunganishwa sambamba omu hugawanyika kwa mbili, na amplifaya nyingi za transista zimeandikwa nyuma kwamba zisishuke chini ya omu 4. Mkondo huongezeka mara mbili, transista zinapata joto, na kama ulinzi wa ndani haufanyi kazi haraka, zinaungua. Ungeweza kupatwa na hayo hayo kwa gitaa lolote. Ningekuwa mimi, ningetazama maandishi ya nyuma kabla ya kulilaumu gitaa.

Mwenye studio ndogo, Nairobi

Kwangu betri ilileta hasara ya namna nyingine. Sauti ya besi ilianza kukwaruza, kwanza katika noti zilizopigwa kwa nguvu, kisha katika zote. Nilipeleka amplifaya kwa fundi mara mbili, nikalipa gharama za ukaguzi mara mbili, na kila mara aliirudisha akisema haina tatizo. Siku mpiga besi mwingine alipokuja na gitaa lake, sauti ikatoka safi. Betri ilikuwa imechoka. Katika besi nyingi za aina hii, kuchomeka waya ndiko kunakowasha saketi, na mimi nilikuwa naacha waya umechomekwa usiku kucha.

Kwa sababu hiyo hiyo kuna mshindo mkubwa unapochomeka au kuchomoa waya wakati amplifaya imewashwa na sauti iko juu, na mshindo huo huitikisa spika vibaya. Shusha sauti kwanza. Tena magitaa haya si mageni duniani, maana Music Man StingRay yenye saketi ya betri imekuwa sokoni tangu 1976.

Mwanzisha mada, Morogoro

Ndugu zangu, nawashukuru kwa moyo wote. Jana nilikaa na mzee wetu kabla ya mazoezi, nikamsomea maelezo ya fundi wa Mwanza, naye akakubali tujaribu pamoja. Tulishusha sauti, tukachomeka kwenye tundu la kwanza, na taa nyekundu ya kuonya kwamba mawimbi yamezidi ikawaka kila nilipopiga kwa nguvu. Tulipohamia tundu la pili haikuwaka tena. Uzi wa B ulifanya wavu wa sanduku utetemeke, kwa hiyo tumerudisha kitufe cha besi katikati na tutakiacha hapo.

Kisha mzee akanyamaza kidogo, akakitazama kinanda, akasema kwamba siku za mazoezi huwa wanakichomeka kwenye amplifaya hiyo hiyo, na mawimbi yake ni makubwa kama ya besi hii au zaidi. Sasa yeye mwenyewe anaomba kujua kutoka kwenu: wale wenye besi za betri mbili, yaani volti 18, huwa mnatumia tundu lipi?