Escudo inagonga nyuma kila nikipita tuta, naombeni ushauri wa haraka

Ngalawa_Jambiani
Asalaam alaykum wadau. Nna Suzuki Escudo ile ya zamani, milango mitatu, ya 1994. Leo siku ya nne nyuma kushoto inagonga: go, go. Kwenye lami iliyonyooka husikii kitu. Nikifika kwenye matuta ya Jozani, yale ya kuwalinda kima punju, au nikiingia njia ya mawe ya huku kwetu, inagonga mpaka nasikia kwenye kiti. Nimeangalia majani ya springi, mazima. Shokapu hazivuji. Fundi mmoja kasema nibadilishe shokapu zote mbili, mwengine kasema ni bushi, zile raba za kwenye maungio. Gari naihitaji iwe sawa kabla ya Jumamosi. Nianze na lipi?

Dada_wa_Fuoni
Wa alaykum salaam kaka. Gari ya 1994 iliyoishi pwani imeshakula chumvi yake. Mie nilikuwa nayo kama hiyo, nikaipenda kama mtoto. Spea nilikuwa naagiza Dar, ikifika si yenyewe, nairudisha kwa boti, nalipa tena. Miaka miwili hiyo. Siku niliyoiuza nililala mpaka jua likatoka. Uza, chukua Vitz.

Baba_Konde
Hakuuliza auze au asiuze, mwanangu. Kijana, usinunue kitu kwanza. Toa kila kilichomo kwenye buti: jeki, spana, chupa za maji. Kisha kaza nati za tairi. Zamani mie nilikuwa dereva wa gari ya karafuu, Konde mpaka Wete. Wiki nzima nasikia nyuma panagonga, utingo ananiambia ni magunia yanahama. Tulipoteremka kutazama, tairi la kushoto lilikuwa limeshikwa na nati mbili, nazo zinazunguka kwa vidole. Nilikaa chini pale pale barabarani, miguu imenikataa.

Matuta_Manne
Labda kima punju kadandia Jozani na hataki kuteremka. Ila kweli, tazama tairi la akiba mlangoni. Mlango wa Escudo ni mzito, bawaba zikilegea unagonga mpaka unaapa kwamba ni springi.

Fundi_Koili
Wenzangu wameanza vizuri, fanya hayo, ni bure. Ukimaliza nijibu matatu. Inagonga kwenye tuta tu, au hata ukiachia klachi kuondoka? Ukifunga breki je? Na kabla ya siku hizo nne, nani aliigusa gari?

Ngalawa_Jambiani
Nati nimekaza, buti tupu, tairi la akiba nimeliteremsha. Bado. Nikiondoka gia ya kwanza inagonga mara moja, na nikifunga breki inagonga mara moja. Hakuna aliyeigusa, ni sevisi ya kawaida tu.

Fundi_Koili
Sevisi ya kawaida ni ipi? Oili ya injini haimpeleki mtu nyuma. Sikiliza, kaka. Shokapu iliyokufa hugonga kwenye shimo. Haina sababu ya kugonga ukiachia klachi. Ukiondoka, ekseli ya nyuma inataka kukimbia mbele, ukifunga breki inataka kubaki nyuma, na kinachoizuia ni mikono yake, vile vyuma vinavyoishikilia kwenye chesisi. Kwa hiyo mkono mmoja unacheza kule unakoshikiliwa. Inaweza pia kuwa krosi ya propela, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma, lakini hiyo usingeisikia upande mmoja. Nani alikuwa chini ya gari yako?

Ngalawa_Jambiani
Haya. Wiki iliyopita lile sikio la chesisi linaloshika mkono wa chini, kushoto, lilikuwa limeliwa na kutu. Fundi wa hapa mtaani akalichomelea. Sikulitaja kwa sababu kazi ile imeshapita na ni imara, nimeiona kwa macho, kapaka na rangi nyeusi juu. Ninachouliza ni mlio. Bushi mpya nshaagiza, zinafungwa Ijumaa, nadhani zitatosha. Jumamosi kuna wageni wamekodi, mume, mke na watoto wawili, Paje mpaka Nungwi. Kianzio chao nshakinunulia saruji.

Dada_wa_Fuoni
Subhanallah. Watoto wawili wanakaa juu ya ekseli hiyo, na wewe jambo hili umelificha mpaka ukabanwa? Saruji inanunulika tena.

Ngalawa_Jambiani
Dada, sikuficha. Na wageni hawaendi mbio, wanasimama kila mahali kupiga picha.

Fundi_Koili
Mbio hazihusiki. Sikio likiachia, ekseli inakaa upogo na nyuma inajiendesha yenyewe, hata kwenye mwendo wa baiskeli. Niambie: alipochomelea, aliufungua mkono na kuutoa?

Ngalawa_Jambiani
Hakuutoa. Alisema haina haja.

Fundi_Koili
Basi moto ule umeipika bushi. Ile ni raba ndani ya chuma, na moto wa kuchomelea ulikuwa karibu nayo. Hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba huwezi kuchomelea juu ya kutu. Unakata mpaka ufike kwenye chuma safi, unaweka bamba jipya. Ukipita juu juu, moto unakula kile chembamba kilichobaki, kisha rangi inafunika.

Kijana_Bububu
Samahani wakubwa, mie uzi huu una walakini. Escudo ya aina hiyo haina majani nyuma, yale mabapa ya chuma yaliyopangwa, ina springi za koili, zilizoviringwa. Mwenye uzi anasema kayakagua majani, yote mazima. Kayakagua wapi? Kisha kila akiulizwa hadithi inaongezeka: mara kuchomelea, mara wageni, mara watoto, mara saruji. Nahisi mtu kakaa kwake anatunga, na nyinyi mnahangaika.

Matuta_Manne
Duh. Hata mie majani yalinipita.

Baba_Konde
Hata akiwa katunga, kuna mwenye gari ya kweli anasoma. Endelea, fundi.

Ngalawa_Jambiani
Marehemu baba alikuwa na pikapu ya majani, hapa nyumbani springi yoyote tunaiita majani. Nimekuja kuomba msaada, naitwa muongo.

Fundi_Koili
Usikasirike, na asiyeamini tusimlaumu. Tumalize hivi. Escudo iko juu, huhitaji jeki. Iache ikanyage chini kwa tairi zote nne, weka mawe mbele na nyuma ya tairi, zima injini, ingia na tochi na bisibisi. Niambie juu ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, kuna nini. Kisha chokoa pale penye rangi nyeusi.

Ngalawa_Jambiani
Nimerudi. Juu ya difu kuna mkono kama herufi A, ncha yake imekaa juu ya difu kwenye boljointi yenye raba. Nimeutikisa kwa mtaimbo, hauchezi. Mkono wa chini kushoto unacheza, bushi imekuwa kama lami, nusu imetoka. Pale penye rangi pana ufa pembeni ya alama ya kuchomelea, urefu wa kidole changu. Nilichokoa kidogo tu, bisibisi ikazama ndani.

Kijana_Bububu
Hiyo A ndiyo ya Escudo yenyewe, hukutunga. Nisamehe, kaka.

Fundi_Koili
Gari usiitoe hapo ilipo. Mtafute fundi atoe mkono, akate kutu yote, aweke bamba, na afungue betri kabla hajawasha mashine. Atazame na upande wa kulia, chumvi haichagui. Bushi mpya ziingie baada ya hapo, na boliti zake zikazwe mwisho gari ikiwa imekanyaga chini. Zikikazwa tairi zikining'inia, raba inajikunja na baada ya mwezi utarudi hapa.

Ngalawa_Jambiani
Nimempigia mgeni sasa hivi. Hakugomba, ila watoto wameshaahidiwa Nungwi. Natafuta mwenye gari nzima Paje au Jambiani, awe na nafasi Jumamosi, nitamlipa mimi. Saruji kesho naipeleka dukani, mifuko sijaifungua, nione kama wataipokea.