Mjadala: Mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, gridi ingeubeba?

Fundi wa Laini:
Wakuu, kila ukitajwa ule mtambo wa Lamu watu hushikana mashati kwa habari ya moshi na mikoko. Ni mambo mazito, siyadharau. Ila kuna swali la kifundi linalopitwa: gridi ya Kenya, yaani mtandao wa umeme wa taifa, ingeubeba?

Kwasasi, huko Lamu, palipangwa mashine tatu za megawati 350 kila moja, jumla 1,050. NEMA, mamlaka ya mazingira, ilipotoa leseni mwaka 2016, nchi nzima jioni, saa ya kilele, ilikuwa ikitumia kama megawati 1,600. Usiku wa manane matumizi huporomoka, hadi Olkaria, kwenye visima vya jotoardhi, mvuke unaachiwa uende zake hewani. Sasa weka hapo mtambo usiopenda kuwashwa na kuzimwa. Boila ya makaa ikishapoa, kuipasha tena ni saa nyingi na mafuta mengi. Nani angezimwa ili huyu aendelee kuwaka? Jotoardhi, ambayo mvuke wake hatuununui kwa meli?

Na mashine moja ikijitoa ghafla je? Abiria mnene akijirusha kutoka kwenye mtumbwi, wote waliobaki huyumba. Mapigo ya umeme yanayotakiwa kubaki herzi 50 yanashuka, vituo vingine navyo vinajitoa kujiokoa. Tarehe 25 Agosti 2023 tulionja: megawati zaidi ya 270 za upepo wa Turkana zilitoka, giza likatanda karibu nchi nzima. Kampuni ya upepo ilisema volteji ya gridi ndiyo iliyopanda kwanza. Vyovyote iwavyo, 270 zilitosha. Hapo tunazungumzia 350.

Jua Kali:
Fundi, hesabu za 2016 ziache huko. Februari 2025 kilele kilipita megawati 2,300. Na kilele hicho huja saa mbili usiku, jua limeshazama, paneli zimelala. Upepo una hiari yake. Mvua zilikosekana mpaka 2022 mabwawa yakanywea. Tunanunua umeme Ethiopia, siku wakiuhitaji wenyewe tutafanyaje? Nina karakana ya kuchomelea vyuma. Stima ikikatika, geti la mteja linalala nusu na simu yake hailali. Nipe umeme wa uhakika, rangi ya moshi wake tutaongea baadaye.

Binti wa Amu:
Kaka Jua Kali, uhakika gani? Makaa yenyewe yangeanza kuletwa kutoka Afrika Kusini. Hao umeme wao mwingi ni wa makaa, na mwaka 2023 walikuwa wakikatiwa kwa zamu karibu kila siku. Medupi, kituo chao cha makaa kilichokuwa kipya kabisa, jenereta yake moja ililipuka Agosti 2021.

Na hiyo "baadaye" yako sisi ndio tungeivuta kifuani. Mahakama ya mazingira ilifuta leseni tarehe 26 Juni 2019, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mradi uliletwa kwetu umeshapikwa, tukaambiwa tunawe mikono tule. Mvuvi anayetegemea maji ya Manda ungemlipa nini maji yakipashwa moto na mtambo? Karakana unaweza kuihamisha. Bahari je?

Fundi wa Laini:
Dada, hapo sina la kuongeza.

Jua Kali, kwa saa mbili usiku umenibana, nakubali. Jua peke yake halitoshi, na anayesema linatosha hajawahi kukaa chumba cha kudhibiti mitambo. Lakini wewe unataka umeme wa saa tatu nne za jioni, na dawa uliyoletewa ni ya saa 24 kwa miaka 25. Mkataba ulikuwa wa kulipia mashine kuwa tayari, tutumie tusitumie. IEEFA, taasisi ya kuchambua uchumi wa nishati, ilikadiria mwaka 2019 kwamba malipo hayo yangeweza kufika dola bilioni 9 katika miaka hiyo 25, hata mtambo usipozalisha kitu. Bili ya karakana yako ingeyabeba.

Mimi ningechagua visima zaidi vya mvuke, betri za kuushika umeme wa mchana hadi jioni, na mashine ndogondogo ambazo moja ikianguka haituangushi sote. Halafu laini. Turkana mitambo ya upepo ilikuwa imesimikwa tayari mwaka 2017, laini ya kuusafirisha umeme ikakamilika 2018. Huko nyuma hatukukosa mtambo, tulikosa nyaya.

Jua Kali:
Huo mvuke unaomwagwa usiku, mbona mimi siuziwi kwa bei ya kutupa? Ningechomelea mpaka alfajiri.

Fundi wa Laini:
Punguzo la usiku lilianza Desemba 2017, kwa viwanda vikubwa.

Jua Kali:
Mimi nina mashine mbili na kijana mmoja.