Naombeni ushauri: mtu kaanguka kwenye mtaro mbele ya geti langu, familia yake inanidai fidia

Baba Wawili (mleta mada)
Wakuu, habari za wakati huu. Usiku wa tatu leo sijalala. Wiki iliyopita nilikuwa navuta maji kutoka bomba kuu kuingia ndani. Fundi akachimba mtaro unaokatiza njia ya waenda kwa miguu mbele ya geti langu, kina chake kinapita goti. Giza likaingia bomba halijalazwa, akaondoka, tukakubaliana kazi imaliziwe kesho yake. Usiku huohuo mzee mmoja akapita, akatumbukia, akavunjika mguu.

Sasa familia yake imeleta barua. Wanadai gharama zote za matibabu, kipato atakachokosa kwa miezi atakayokaa bila kazi, na fidia ya maumivu. Wamenipa siku 14 za kujibu.

Swali langu ni moja tu. Aliyechimba ni fundi, mimi nilikuwa ndani nimelala. Kwa nini nilipe mimi? Barua ya kuwaelekeza kwa fundi nimeshaiandika, nataka tu mwenye uelewa aniambie kama iko sawa. Matusi tafadhali hapana, mawazo niliyonayo yananitosha.

Kobe Mwendo
Pole mkuu. Mzee mwenyewe anaendeleaje? Hujasema.

Nuru ya Asubuhi
Siku hizi mtu akijikwaa anatafuta wa kumlipa. Zamani watu walisameheana. Ila na wewe ndugu, mtaro mbele za watu unaachaje wazi? Ungekuwa ni mtoto wako?

Shoka Moja
Mwambie fundi arudi, amalizie bomba na ailipe na barua, maana zote ni kazi zake 😂

Wakili Kijiweni
Baba Wawili, kabla sijasema lolote kuhusu hiyo rasimu naomba unijibu mambo matatu.

Huyo fundi umemwajiri kwa mshahara, au ulimpa kazi kwa makubaliano na vifaa ni vyake? Usiku ule kulikuwa na kizuizi au taa pale? Na kabla mzee hajaanguka, kuna mtu yeyote alikuambia chochote kuhusu huo mtaro?

Baba Wawili
Shukrani Wakili. Fundi ni wa makubaliano, vifaa vyake, mimi namlipa kazi ikiisha. Kuhusu tahadhari, kibao kipo, kimeandikwa HATARI MTARO kwa herufi kubwa, na picha ninayo. Halafu kuna jambo sikulisema mwanzo: mzee haoni vizuri, anatembelea fimbo, kila mtu hapa anajua. Mtu haoni vizuri, anatembeaje usiku peke yake? Si kajitakia?

Fundi Mkongwe
Hapa naingia kwa sababu kila jambo likiharibika msalaba anabebeshwa fundi. Nimechimba mitaro tangu sina ndevu. Mtaro ukilala wazi unasimamisha mapipa mawili huku na mawili kule, unalaza ubao juu yake, unazungusha utepe, unatundika taa. Ubao lazima uwe chini kiasi cha fimbo kuugusa. Kibao cha maandishi usiku hakimsaidii hata mwenye macho mazima. Na nikimwambia mwenye nyumba aongeze hela ya mbao na taa ananijibu "usiku mmoja tu huo fundi, hakuna neno". Nimeyasikia hayo maneno mpaka basi. Mleta mada, fundi wako alikuomba hela ya mbao au hakuomba?

Wakili Kijiweni
Swali zuri, naomba lijibiwe. Nianze na haya uliyoyaleta.

Madai ya uzembe yana nguzo zake. Anayedai aonyeshe kwamba ulikuwa na wajibu wa kumjali, kwamba hukuutimiza, kwamba kutoutimiza ndiko kulikomletea madhara, na kwamba madhara yenyewe ni ya kweli, si hofu tu. Hizo ni nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza. Wafaransa wameliweka kwenye kanuni yao ya madai tangu 1804: aliyesababisha hasara kwa kosa lake ailipe, na uzembe unahesabiwa ni kosa. Kokote uliko utakutana na kitu cha namna hiyo.

Wajibu kwako upo, bishana na mengine. Mtu akichimba shimo wanapopita watu, wapitaji ndio wa kwanza kufikiriwa.

Kuhusu fundi, ni kweli kwamba aliyempa kazi fundi wa kujitegemea kwa kawaida habebi makosa ya huyo fundi, tofauti na mwajiri anayebeba makosa ya mfanyakazi wake. Lakini kazi ya hatari kwenye njia ya umma imewekwa pembeni ya kanuni hiyo. Mwaka 1899 mahakama Uingereza iliibana kampuni ya simu kwa uzembe wa fundi wake wa mkataba aliyemjeruhi mpita njia barabarani. Fundi wako anaweza kuunganishwa kwenye kesi, sawa. Wewe kutoka mzimamzima ndiko sikuoni.

Na hilo la macho, kaka, lifute kabisa kwenye barua. Mwaka 1964 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kesi ya kipofu aliyekuwa akitembea na fimbo yake nyeupe, London. Mafundi wa shirika la umeme walikuwa wamechimba njia ya miguu, wakalaza nyundo ya mpini mrefu ikatize iwe ndiyo kizuizi. Fimbo ikapita bila kuigusa, akajikwaa akaanguka, akapoteza usikivu karibu wote. Mahakama za chini zilimkatalia. Ya juu ikasema wasioona wanatembea njiani kama watu wengine, na anayechimba lazima awafikirie. Hayo anayoyasema Fundi Mkongwe kuhusu ubao wa kuguswa na fimbo ndiyo kesi yenyewe.

Tausi wa Pwani
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mimi niliwahi kuteleza dukani, sakafu ilikuwa imepigwa deki, hakuna alama yoyote. Mkono ulivunjika sehemu mbili, mpaka leo sifungi vifungo vya nyuma peke yangu. Nilishitaki na nikalipwa. Lakini niwaambie ukweli, siku ya kwanza sikuwa na wazo la kesi. Nilikaa wiki nzima nangoja mtu mmoja kutoka pale dukani apige simu aulize hali. Hakupiga mtu. Kesi yangu ilianzia hapo.

Shoka Moja
Mi naona nusu kwa nusu. Mzee asiyeona, mtaro usioonekana. Ngoma droo.

Wakili Kijiweni
Shoka, unatania lakini kugawana lipo. Zamani lilikuwa kali kuliko hilo. Mwaka 1809 mtu Uingereza aliziba sehemu ya barabara kwa mti akitengeneza nyumba yake, mpanda farasi akaja mbio jioni akaugonga akaanguka. Alinyimwa kila kitu kwa sababu hakuwa mwangalifu. Sheria ya 1945 ndiyo iliyobadilisha hilo, sasa hakimu anapunguza fidia kwa kadiri ya uzembe wa anayedai. Lakini mzee wa watu alikuwa akitembea polepole na fimbo mkononi. Uzembe wake uko wapi?

Baba Wawili, swali la tatu bado hujalijibu.

Baba Wawili
Nilikuwa nalizunguka, nakiri.

Saa kumi na mbili na nusu jioni ile jirani alinitumia ujumbe: "Jirani huo mtaro ufunikeni, watu wanapita hapo usiku." Nikamjibu "Sawa, kesho fundi anamalizia." Ujumbe upo kwenye simu yangu na yake. Na Fundi Mkongwe, ndiyo, fundi aliomba hela ya mbao. Nilimwambia ni usiku mmoja tu.

Kibao nilikiweka asubuhi, baada ya tukio. Lakini wakuu, sijadanganya. Kibao ni cha kweli na picha ni ya kweli. Kwenye barua sijaandika kilikuwepo tangu lini, nimeandika tu "kibao cha tahadhari kipo". Wao ndio wathibitishe kuwa hakikuwepo. Nina watoto wawili wanasoma, siwezi kuuza nilicho nacho kwa sababu ya usiku mmoja.

Nuru ya Asubuhi
Subhanallah.

Wakili Kijiweni
Hiyo picha usiipeleke popote. Nakuomba kama ndugu. Mpaka sasa deni lako ni la fidia, ni hela. Ukipeleka picha ya asubuhi kama ushahidi wa usiku umeingia kwenye jinai, na simu huandika tarehe na saa ndani ya kila picha. Ujumbe wa jirani nao usiufute, kufuta ni kosa juu ya kosa.

Mwaka 1837 kulikuwa na mtu alirundika nyasi kavu mpakani na nyumba za mwenzake. Akaonywa kwa wiki kadhaa kwamba zitashika moto, akasema atabahatisha. Zikashika, nyumba zikaungua. Akajitetea kwamba alitumia busara yake yote aliyojaliwa. Mahakama ikakataa: kipimo ni mtu wa kawaida mwenye uangalifu angefanya nini. Wewe umeonywa mara mbili kwa jioni moja.

Tafuta wakili wa kwenu, mweleze yote pamoja na kibao. Kama nyumba ina bima ya dhima, ile inayolipa madhara uliyowasababishia watu wengine, wajulishe watu wa bima leo kabla hujajibu barua, bima nyingi zinakataa ukichelewa au ukikiri deni bila wao.

Macho Kodo
Nimekaa kimya nasoma. Wakuu hii ni chai. Mzee asiyeona na fimbo, mtaro kwenye njia ya miguu, fundi wa kujitegemea, jirani aliyeonya, kibao cha baadaye. Kila mada ya muhula mzima imepangwa humo. Huyu ni mwanafunzi wa sheria ana kazi ya kuwasilisha, Wakili anamfanyia bure.

Shoka Moja
Duh, kweli. Hata siku 14 zimetimia vizuri mno.

Fundi Mkongwe
Mwanafunzi hajui kwamba fundi huomba hela ya mbao. Hilo mpaka uwe umelikataa mwenyewe.

Wakili Kijiweni
Hata mimi nilishtuka alipotaja fimbo, sifichi. Lakini mashimo na wapitaji ndiyo ajali ya kila siku. Kesi za vitabuni zilitoka kwa watu.

Baba Wawili
Macho Kodo, ningefurahi sana iwe kazi ya darasa. Kiatu cha mzee kiko barazani kwangu mpaka sasa. Kilibaki ndani ya udongo tulipomnyanyua. Ni cha kushoto, kimekanyagwa kisigino kikalala, na kamba bado imefungwa fundo. Mke wangu amekiosha. Kila nikitoka asubuhi nakipita.

Macho Kodo
Mguu uliovunjika ni upi?

Baba Wawili
Huohuo.

Kobe Mwendo, uliniuliza wa kwanza kabisa nikakupita. Sijui anaendeleaje. Sijaenda. Nilidhani nikienda nimekubali kosa.

Wakili Kijiweni
Kumjulia hali mgonjwa si kukiri. Zungumza na wakili wako asubuhi, halafu nenda. Habari ya hela na ya nani mwenye makosa usiigusie, hata wakikuchokoza.

Tausi wa Pwani
Nenda na kiatu.

Baba Wawili
Rasimu nimeifuta. Picha nimeiacha ilipo, nitamwonyesha wakili. Nikitoka kwake napitia kwa mzee.