Tupeane uzoefu: kuonja waini nyekundu za bei rahisi nyumbani

Mtu wa Tudor: Jana tulikaa watu wanne na chupa tano, hakuna iliyozidi shilingi 1,200. Nilizivisha zote soksi, lebo zisionekane, tukatoa maksi juu ya kumi. Iliyoshinda ni ya katoni, ile ya bomba! Niliyoitegemea mimi ikaambulia tatu, mmoja akisema yanukia mpira ulioungua. Nyinyi wenzangu mwaonjaje?

Shangazi Bamburi: Soksi zilikuwa safi?

Mtu wa Tudor: Nyingi zao, shangazi.

Kaka Mtongwe: Uliitia friji? Watu wasikia "joto la chumba", kumbe chumba chenyewe ni cha Ulaya, nyuzi 18 hivi. Changu mimi mwezi wa pili ni nyuzi 32. Waini ikipata moto hivyo, pombe ndiyo hutangulia puani, tunda hulipati. Nusu saa kwenye friji, ndipo uonje. Hizo tatu zako zifute.

Mgema wa Kisauni: Mnazi wa asubuhi hautaki soksi wala friji.

Kaka Mtongwe: Na wa kesho yake?

Mgema wa Kisauni: Huo ni siki. Usinichokoze.

Mpita Njia: Mji wa heshima huu, mwaanika pombe hadharani!

Shangazi Bamburi: Kichwa cha habari hukukiona kabla ya kuingia? Wareno walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, wadhani walikuwa wakinywa madafu?

Mama Wawili, Likoni: Mmenikumbusha nisilotaka kukumbushwa. Mwaka jana nilipata Pinotage, waini nyekundu ya Afrika Kusini, ya bei ya chini, nikawaita shoga zangu wawili, Ijumaa mchana. Daftari nimeshalipiga mistari: rangi, harufu, ulimi. Kizibuo hakuna. Shoga mmoja akasema iko njia ya kiatu: waitia chupa tako ndani ya kiatu, waigonga ukutani, kizibo chatoka chenyewe polepole. Nikagonga, kikatoka robo. Nikagonga tena, nusu. Mara hodi. Mwenye nyumba! Kodi imechelewa siku nane. Mzee katoka msikitini, kanzu nyeupe pepepe, udi wamtangulia. Mimi kwa kiwewe nataka kuificha chupa nyuma ya mlango, nikaigongesha kwenye fremu. Kizibo hicho! Kanzu yote, kifuani mpaka miguuni. Mzee hakusema neno. Akajitazama, akanusa mkono wa kanzu, akanitazama mimi. Aliyesema "Astaghfirullah" ni mimi, na mimi ni Mkristo.

Kaka Mtongwe: 😂😂 Nimemwaga chai.

Shangazi Bamburi: Ungemwaga chumvi hapo hapo, inyonye.

Fundi Majengo: Chumvi bila maji haisaidii. Maji baridi, sabuni ya vyombo, usisugue, bonyeza tu na kitambaa.

Binti wa Kongowea: Mama yangu humwagia maji ya moto kutoka juu.

Fundi Majengo: Basi mama yako akaniharibie kanzu zangu.

Binti wa Kongowea: Mama yangu umwache.

Msomi wa Nyali: Turudi kwenye mada. Pinotage si zabibu ya kale. Abraham Perold, mtaalamu wa zabibu, aliizalisha Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 1925, akichanganya zabibu mbili, Pinot Noir na Cinsaut. Cinsaut kule ikiitwa Hermitage, ndipo likaja jina. Na hiyo harufu ya mpira, Pinotage za bei ya chini zajulikana nayo. Nahisi hata chupa ya Tudor ilikuwa…

Shangazi Bamburi: Baba, nani kakuuliza zabibu? Kanzu ilisafika?

Mama Wawili, Likoni: Haikusafika. Niliomba niifue, siku tatu nimeiloweka, ikatoka rangi ya zambarau iliyofifia. Kodi nililipa jioni ile ile, na ya mwezi wa mbele juu yake.

Kaka Mtongwe: Na waini ilipata ngapi?

Mama Wawili, Likoni: Ilibaki kama vidole viwili chini ya chupa. Shoga zangu waliipa saba.

Mtu wa Tudor: Mimi nilikuwa naulizia maksi zenu jamani. Na mishkaki je, yafaa? Jana pilipili ilifanya kila chupa ikwaruze ulimi.

Mgema wa Kisauni: Hiyo katoni yauzwa wapi?