Lori la farasi likikaa wiki tano, betri zinakufa: naomba ushauri

Msimamizi wa Zizi, Karen

Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Ninasimamia zizi dogo la farasi huku Karen, na miongoni mwa vitu nilivyokabidhiwa ni lori moja la dizeli, la volti 24, lililojengewa bodi ya kubebea farasi wanne. Lori hili halitoki mara nyingi. Hutupeleka kwenye uwanja wa mbio ulio Barabara ya Ngong, safari isiyofika nusu saa, na mara chache kwa mwaka hutupeleka Gilgil. Baada ya hapo hukaa chini ya mti kwa wiki nne, tano, wakati mwingine sita.

Mwezi uliopita, saa nane usiku, saisi wetu aliniamsha akisema kwamba farasi jike mmoja alikuwa na maumivu ya tumbo, anajiviringisha na hataki kusimama. Daktari wa mifugo alipofika alitaka apelekwe kliniki mara moja. Nilipogeuza ufunguo, stata iligonga mara moja ikanyamaza. Zilipita dakika 40 kabla ya jirani kuleta lori lake la volti 24 tukawashia kwake. Farasi alipona, namshukuru Mungu, lakini dakika zile sitazisahau.

Betri ni mbili, za volti 12 kila moja, ampea-saa 150 (ndicho kipimo cha umeme ambao kila moja inaweza kuhifadhi), na hazijatimiza miezi 14. Zilizotangulia nazo hazikumaliza miaka miwili. Usiku ule, kabla ya jirani kufika, nilipima kwa mwanga wa tochi nikapata volti 24.3, na kwa kuwa lori ni la volti 24, nilidhani betri ni nzima. Kosa liko wapi? Na je, ninunue betri moja au mbili? Pale lori linapoegeshwa hapana umeme wa stima.

Dereva wa Masafa

Pole sana, ndugu. Mimi humwambia turnboi awashe gari kila Jumamosi kwa dakika 15, na betri zangu hazijawahi kunisumbua. Jaribu hivyo kwanza kabla ya kutumia fedha.

Saisi wa Zamani

Naomba lori lisiwashwe na kuachwa likinguruma karibu na vibanda. Moshi wa dizeli ukiingia mahali farasi wanapolala unawadhuru mapafu, na farasi mwenye kikohozi hufuzu kwa shida kurudi mbioni. Kama ni lazima liwashwe, litolewe hadi langoni.

Fundi wa Volti, Kirinyaga Road

Msimamizi, pole, na heri farasi amepona. Kwa heshima yote natofautiana na ndugu Dereva, ambaye gari lake, nadhani, husafiri pia siku nyingine za juma, na safari hizo ndizo zinazolijaza. Betri ya ampea-saa 150 iliyobaki nusu inadai ampea-saa 75 na ziada, na sehemu ya mwisho ya kuchaji ndiyo ya polepole kuliko zote, kwa sababu kadiri betri inavyokaribia kujaa ndivyo inavyopokea umeme kidogo. Robo saa ya injini kunguruma haifiki huko. Safari ya saa moja au zaidi barabarani, kila wiki mbili, ingesaidia betri, breki na matairi kwa pamoja, lakini sidhani kwamba una sababu ya kulitoa lori mara nyingi hivyo.

Tatizo la betri ya risasi na asidi ni kwamba haivumilii kukaa na njaa. Inapotoa umeme, salfeti ya risasi hujijenga juu ya mabamba yake. Ikichajiwa mapema salfeti hiyo huyeyuka, lakini ikiachwa kwa majuma hugeuka fuwele ngumu ambazo chaja haiwezi tena kuziondoa, na sehemu ya bamba iliyofunikwa nazo imepotea. Ndiyo maana betri ya miezi 14 inaweza kuwa imezeeka kuliko ya miaka minne iliyo kwenye matatu inayozunguka mchana kutwa.

Sasa ile 24.3 yako. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imetulia kwa saa kadhaa, husoma karibu 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu, na ikisoma 12.2 imebaki nusu. Jumla ya 24.3 ni ya betri mbili zenye njaa, au ya moja iliyo nzima na nyingine iliyo hoi, na jumla yenyewe haikuambii ni lipi kati ya hayo. Pima kila betri peke yake.

Kisha upime umeme unaoibwa lori likiwa limezimwa. Chomoa waya wa hasi unaokwenda kwenye chesi, uweke mita, ikiwa kwenye ampea 10, kati ya waya huo na betri, na usubiri nusu saa ili vifaa vitulie. Mtu yeyote asiguse ufunguo wakati huo, kwa maana stata ikivuta umeme kupitia kwenye mita, mita itaungua. Ukimaliza, rudisha waya, halafu rudia kipimo kwenye ule waya mfupi unaounganisha betri mbili. Niletee namba zote nne.

Msimamizi wa Zizi, Karen

Fundi, ahsante sana. Nimepima leo. Betri ya juu, yaani ile inayotoa chanya kwenda kwenye gari, ina 12.5. Ya chini, ambayo hasi yake imefungwa kwenye chesi, ina 11.8. Kwenye waya wa chesi mita ilionyesha miliampea 90, na kwenye waya mfupi ilionyesha 30 tu. Sikuelewa kwa nini namba zimetofautiana.

Fundi wa Volti, Kirinyaga Road

Tofauti hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe. Kifaa cha volti 24 hupitisha umeme wake katika betri zote mbili, kwa hiyo huonekana kwenye waya mfupi: hiyo 30 bila shaka ni traka, kile kifaa cha kufuatilia lori lilipo. Zile 60 zilizobaki hazipiti kwenye waya mfupi, maana yake kuna kifaa cha volti 12 kilichochomekwa kwenye betri ya chini peke yake. Je, nyuma mna taa au kamera ya kuwatazama farasi?

Fanya hesabu nami. Miliampea 90 kwa saa 24 ni zaidi kidogo ya ampea-saa 2 kwa siku, ambazo kwa mwezi zinakuwa karibu 65. Betri ya juu, inayolisha traka tu, inapoteza kama 22. Baada ya wiki sita ya chini imetoa karibu ampea-saa 90 kati ya 150, wakati mwenzake hajatoa hata 35. Unapoendesha, alterneta, yaani jenereta ya injini inayochaji betri, haioni betri mbili. Inaona jumla, karibu volti 28, na kuzipitishia zote umeme ule ule. Ya juu hujaa mapema ikaanza kuchemka na kupoteza maji, na ya chini hubaki na njaa yake. Ungenunua mpya mara kumi, ya chini ingekufa mara kumi.

Msimamizi wa Zizi, Karen

Ni kweli kabisa. Kuna kamera na kioo chake, vilifungwa na fundi mmoja miaka mitatu iliyopita, na kioo hubaki na kitaa chekundu usiku na mchana. Nifanye nini, na kwa utaratibu gani?

Fundi wa Volti, Kirinyaga Road

Kwanza, kamera iondolewe kwenye betri na ilishwe na kipunguza volti cha kutoka 24 hadi 12, kikipitia swichi inayozimwa dereva anaposhuka. Pili, tenganisha betri na uzichaji moja moja kwa chaja ya volti 12 hadi zijae, mahali penye hewa, kwa kuwa hutoa haidrojeni ambayo cheche moja huilipua. Unapofungua anza na hasi, na unapofunga malizia na hasi. Kama zina vifuniko, mabamba yafunikwe kwa maji safi ya betri, wala usiongeze asidi. Ziache zitulie kutwa nzima. Ikiwa ya chini itashuka chini ya 12.4, badilisha zote mbili kwa pamoja, za aina moja, kwa sababu mpya ikifungwa na iliyochoka zitavutana kama ulivyoona.

Binti wa Ngong

Na kuhusu sola? Sisi pia tunaegesha mbali na stima.

Fundi wa Volti, Kirinyaga Road

Dada, sola inafaa hasa kwa hali hii, mradi mtu asinunue paneli moja ya volti 12 akidhani itachaji betri za 24. Chukua ya volti 24, au mbili za 12 zilizounganishwa kwa mfululizo, pamoja na kidhibiti chaji kilichowekwa kwa betri za risasi na fyuzi karibu na betri. Traka ya miliampea 30 inakula kama wati-saa 17 kwa siku, na paneli ya wati 40, hata ikipata saa mbili tu za jua kamili katika mawingu ya Julai, inalipa deni hilo na kubakisha. Hapa tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo ilale juu ya paa ikiwa na mwinamo mdogo tu wa kuruhusu mvua kuosha vumbi. Ukifunga swichi kuu, waya za kidhibiti ziingie kwenye betri moja kwa moja, kabla ya swichi hiyo, la sivyo utakapoizima utakuwa umeizima sola pia. Na Msimamizi, lori litoke chini ya mti.

Msimamizi wa Zizi, Karen

Narudi baada ya wiki sita. Betri ya chini ilishuka hadi 12.1 baada ya kutulia, basi nilibadilisha zote mbili, kamera ikapata swichi yake, na paneli iko juu ya paa, uani, mbali na kivuli. Lori halikusogea kwa siku 37, na jana liliwaka kwa mguso wa kwanza. Saisi hupima kila Jumatatu alfajiri, kabla jua halijagusa paneli, na kuandika namba mbili kwa chaki kwenye ubao ule ule wa chakula cha farasi. Wiki hii aliandika 12.7 na 12.7.